Vidonda Visivyouma

Katika nchi ya Bara Hindi, huko Vellore, alikuwako daktari Mwingereza jina lake Paul Brand, aliyefika mwaka wa 1946. Siku moja alijaribu kufungua kufuli lililoshika kutu, asiweze. Mtoto mwenye ukoma, umri wake yapata miaka 10, akamwomba ufunguo, akauzungusha kwa nguvu, kufuli likafunguka. Daktari akastaajabu, mara akaona damu ikidondoka chini. Ufunguo ulikuwa umemkata mtoto kidole hata mfupa ukaonekana, naye hana habari!

Watu wengi hudhani ya kuwa ukoma hula vidole. Sivyo. Vijidudu vya ukoma, ambavyo Hansen wa nchi ya Norwe alivigundua mwaka wa 1873, huharibu mishipa ya fahamu, na mkono au mguu hufa ganzi. Mwenye ganzi hushika sufuria ya moto asijue. Hukanyaga mwiba, akaendelea na safari yake. Kila hatua hukiponda kidonda upya, uchafu huingia, mfupa huharibika, na mwisho kidole hufupika.

Dawa za siku hizi huua vijidudu hivyo kwa muda wa miezi 6 au 12, lakini ganzi ya siku nyingi haiondoki. Kwa hiyo kidonda chataka mikono ya watu wengi. Daktari huondoa mfupa uliokufa. Muuguzi huosha na kufunga. Mara nyingi mguu hutiwa katika plasta ngumu kwa wiki kadhaa, maana kidonda cha wayo chahitaji kupumzika kuliko chahitaji dawa. Fundi viatu naye hutengeneza makubazi yenye soli laini ya mpira, yasiyo na msumari hata mmoja, kwa kuwa msumari ukitokeza mvaaji hataujua.

Lakini kazi kubwa ni ya mgonjwa mwenyewe. Kila jioni huloweka miguu katika maji baridi, husugua sugu kwa jiwe, hujipaka mafuta, kisha hutazama kila kidole na katikati ya vidole. Macho yake hufanya kazi ambayo kwa watu wengine hufanywa na maumivu.

Huko Vellore wagonjwa wengine waliamka asubuhi wakaona kipande cha kidole hakipo. Watu wakakesha ili kujua sababu. Kumbe, ni panya! Waliwatafuna usingizini, wala hawakuamka. Tangu hapo mgonjwa aliyerudi kwao alipewa paka wa kwenda naye.