Ukuta wa shimo la saileji: udongo, mabanzi au tofali?

KIANGAZI kikishika, maziwa huadimika na mwenye nayo huuza kwa bei nzuri. Lakini ng'ombe haangalii bei, anaangalia hori. Ndiyo maana mfugaji wa ng'ombe wawili watatu wa maziwa kule Hai au Arumeru hushauriwa kuvundika majani ya masika yangali mabichi, yaani kutengeneza saileji, badala ya kungoja mabua yanayosombwa kwa gari kutoka tambarare. Akishaamua, swali la kwanza la fedha ni kuta za shimo.

Chukua mfano wa ng'ombe wawili, kila mmoja akila kilo 20 za saileji kwa siku. Kwa siku 90 watahitaji kilo 3,600. Kwa kuwa hapakosi kuharibika kidogo, mfugaji na aweke kilo 4,500. Saileji iliyoshindiliwa vizuri kwa miguu na pipa la maji huwa na uzito wa takriban kilo 500 kwa mita moja ya ujazo, hivyo zinatakiwa mita 9 za ujazo.

Mafundi wengi watapendekeza shimo la urefu wa mita 4, upana mita 1.5 na kina mita 1.5, mwisho mmoja ukiwa wazi kwa kuingilia. Kuta tatu zitakuwa na eneo la mita 14.25 za mraba, karibu tofali 140 za saruji. Hesabu hiyo inavutia, ila ina kasoro. Mita 4 zikiliwa kwa siku 90, uso wa saileji unasogea sentimita 4 na kitu tu kwa siku, wakati kwenye joto unatakiwa usogee angalau sentimita 10. Ukisogea polepole, hewa huuwahi, saileji hupata moto na kuota ukungu. Shimo la mita 9 kwa upana wa mita 1 na kina cha mita 1 lina ujazo uleule na linasogea sentimita 10 kila siku, lakini kuta zinafika mita 19 za mraba, yaani tofali 190 hivi. Kwa shimo la udongo, mabadiliko hayo ni jasho la kuchimba na nailoni ya kuongeza.

Penye udongo mgumu wa mfinyanzi na mteremko kidogo, shimo la kuchimba lililotandikwa nailoni nzito, geji 1,000, linatosha kabisa kwa kuanzia. Kuta ziwe pana kidogo juu kuliko chini, ili majani yakishuka yazidi kubana ukuta badala ya kuacha mwanya. Mtaro wa kukinga maji ya mvua uchimbwe upande wa juu. Udongo wa kichanga haufai, maana hubomoka. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu pia hapafai kuchimbwa. Hapo ndipo mabanzi juu ya ardhi yanapopata nafasi, yakiegemezwa kwenye nguzo imara na kufunikwa nailoni kwa ndani. Ila mabanzi huoza.

Tofali zina maadui wawili. Wa kwanza ni uchachu: saileji nzuri hushuka hadi pH ya karibu 4, nayo hula saruji taratibu hadi mchanga wa lipu unaonekana. Mfugaji aliyeambiwa kwamba tofali zitamwondolea gharama ya nailoni ameuziwa nusu ya habari. Wa pili ni msukumo. Ukuta wa tofali za inchi 6 unaosimama peke yake juu ya ardhi unaweza kupasuka wakati wa kushindilia, hasa kwa trekta. Ujengwe ndani ya ardhi, udongo ushindiliwe nyuma yake, au uwekewe nguzo zenye nondo na mkanda wa zege.

Kabla ya kukopa, hasara ipimwe kwa siku za kulisha. Katika kilo 4,500, ikiharibika asilimia 10 zinabaki 4,050. Ikiharibika asilimia 25 zinabaki 3,375. Tofauti ni kilo 675, chakula cha ng'ombe hao kwa karibu siku 17, na katika hali ya pili shimo linakauka kabla ya siku 90 kutimia. Lakini hasara nyingi za namna hiyo huletwa na kushindilia kwa kulegea, kujaza shimo kwa siku nyingi na nailoni iliyotobolewa na panya. Fedha ya kwanza iende kwenye nailoni nzima na vibarua wa kumaliza kazi haraka. Mwenye shamba la kukodi hana sababu ya kujenga tofali. Mwenye ardhi yake, aliyekwisha kuvundika misimu miwili mitatu na kujua idadi ya ng'ombe wake, anaweza kuzifikiria.

Kwa ukuta wowote, sakafu iteremke kuelekea mdomoni, na mabingobingo yaliyokatwa yakiwa na maji mengi yanyaushwe kwanza. Maji yanayochuruzika kwenye saileji ni makali, hivyo shimo likae mbali na kisima na upande wa chini yake.