ELIMU YA KAWI: Je, inafaa kulipia zaidi paneli ya sola yenye ufanisi wa juu?

Ras Kitau, katika kisiwa cha Manda, inatazamana na Shela ng'ambo ya mkondo. Hapa kila paneli, betri na waya huvushwa kwa boti. Mkaazi anayenunua kifaa kisichofaa hupoteza mara mbili: pesa za dukani na gharama ya kukisafirisha. Ni vyema basi kuelewa kile ambacho muuzaji anamaanisha anaposifu "ufanisi".

Ufanisi ni nini?

Jua kali la adhuhuri hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli yenye ufanisi wa asilimia 20 hugeuza wati 200 kati ya hizo kuwa umeme. Ya asilimia 23 hutoa wati 230. Hata hivyo, paneli mbili zilizoandikwa wati 400 hutoa umeme unaokaribiana, hata kama ufanisi wake si sawa. Ile yenye ufanisi mdogo ni kubwa zaidi kwa umbo, basi. Kwa maneno mengine, anayelipia ufanisi analipia nafasi.

Mfano wa nyumba

Tuseme familia inahitaji kilowati-saa 2 kwa siku kwa taa, simu, televisheni na friji ndogo. Kwa saa 5 za jua kamili, na robo ya umeme ikipotea njiani, itahitaji paneli za wati 535 hivi. Kwa ufanisi wa asilimia 20, hizo huchukua mita za mraba 2.7, kwa asilimia 23, mita 2.3. Tofauti haifiki nusu mita ya mraba. Penye uwanja wa kutosha, hakuna haja ya kulipia tofauti hiyo. Pesa zilizobaki zitafaa zaidi kwenye betri, kwa maana ndiyo itakayowasha taa usiku.

Hali ni tofauti kwenye boti au juu ya paa finyu la Mji wa Kale wa Lamu. Huko nafasi haiongezeki, na ufanisi wa juu hurudisha gharama yake.

Joto na chumvi

Wati zinazoandikwa kwenye paneli hupimwa paneli ikiwa na nyuzijoto 25. Juani inaweza kufika 60, na kila nyuzi inayozidi hupunguza nguvu kwa takriban asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli ya wati 400 inaweza kushuka hadi karibu 350. Kwa hivyo acha nafasi ya upepo kupita chini yake. Chumvi ya bahari nayo hula boliti za chuma cha kawaida. Tumia zisizoshika kutu.

Tungoje teknolojia mpya?

Mwaka wa 1954, maabara ya Bell nchini Marekani ilionyesha seli ya silikoni yenye ufanisi wa takriban asilimia 6. Kikomo cha silikoni peke yake ni kama asilimia 29. Ndiyo maana watafiti sasa wanaipaka tabaka la pili la perovskaiti. Mwaka wa 2023 kampuni ya LONGi ya China ilifikisha asilimia 33.9 katika seli ndogo ya maabara. Lakini perovskaiti huharibiwa na unyevu na joto, ilhali paneli nyingi za silikoni huwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25. Anayehitaji umeme leo hana sababu ya kungoja.

Kabla ya kulipa

• Piga hesabu ya matumizi ya siku nzima kwanza.
• Linganisha bei kwa kila wati, ukijumlisha usafiri.
• Uliza dhamana iliyoandikwa, na ikiwa paneli imepimwa dhidi ya chumvi.
• Tumia fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).