MOTO NA MOSHI: SOMO KUTOKA KIWANDA CHA CHAI

Pafukapo moshi pana moto, walinena wahenga. Je, ndugu msomaji, moto wenye moshi mwingi ndio mzuri? La hasha!

Viwanda vingi vya chai hapa Kericho na Bomet huchoma kuni za mikalitusi katika boila. Maji hugeuka mvuke, nao hupita mabombani hadi panapokaushwa majani. Moto hukaa kando, joto pekee huwafikia. Nasi nyumbani tujifunze haya:

1. Kuni zikauke. Kuni mbichi hupoteza joto kwa kuchemsha maji yaliyomo ndani yake. Zipasue, uzipange chini ya bati, hewa ipite.

2. Majivu yazolewe, kwani huziba hewa.

3. Dohani isafishwe. Masizi yakijaa huweza kushika moto.

Tahadhari! Baridi ya Julai isitufanye tulale na jiko la makaa chumbani. Wengine husema ati likishaacha kutoa moshi ni salama. Si kweli! Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo huua mtu usingizini. Hapo hapafuki moshi, lakini pana mauti. Jiko libaki nje, tujiongezee blanketi.