Jinsi ya Kupima Namba Tasa ya Mersenne kwa Kalamu na Karatasi

Oktoba 2024, Luke Durant wa Marekani alipata namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zikijulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Jaribio la Lucas na Lehmer lililoithibitisha halihitaji kompyuta namba ikiwa ndogo. Andaa kalamu, karatasi ya mistari na kikokotoo cha tarakimu 10.

Humu, p ni kipeo, na M, yaani namba ya Mersenne, ni 2 kwa kipeo p, toa 1.

1. Chagua p = 7. Hakikisha p ni namba tasa iliyo witiri. Kipeo kikigawanyika, M nayo hugawanyika, na jaribio ni kazi bure.

2. Kokotoa M. Zidisha 2 saba kwa pamoja: 128. Toa 1: M = 127.

3. Hesabu mizunguko: p − 2 = 5. Andika 1 hadi 5 pembeni mwa karatasi kabla ya kukokotoa chochote. Namba ya kuanzia ni 4, nayo haihesabiwi kuwa mzunguko.

4. Zungusha. Zidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, kisha kunja. Kukunja ni kugawanya kwa 128 na kujumlisha jibu zima na baki. Kunafaa kwa sababu 128 huizidi M kwa 1 tu, hivyo kila 128 huacha 1. Jumla ikizidi 127, kunja tena. Ikiwa 127 kamili, andika 0.

Mzunguko 1: 16 − 2 = 14
Mzunguko 2: 196 − 2 = 194; 1 + 66 = 67
Mzunguko 3: 4,489 − 2 = 4,487; 35 + 7 = 42
Mzunguko 4: 1,764 − 2 = 1,762; 13 + 98 = 111
Mzunguko 5: 12,321 − 2 = 12,319; 96 + 31 = 127, yaani 0

5. Soma mzunguko wa mwisho peke yake. Ni 0: 127 ni tasa. Jibu jingine lolote lingemaanisha si tasa.

6. Rudia kwa p = 11: M = 2,047, mizunguko 9, kunja kwa 2,048. Lazima umalizie na 1,736. Namba hii si tasa. Ni 23 × 89, ingawa jaribio lenyewe halivitaji vigawo hivyo. Usiruke hatua hii: kipimo ambacho hujakiona kikikataa, hujakikagua.

7. Hesabu tarakimu za M. Zidisha p kwa 0.3010299957, chukua sehemu nzima, ongeza 1. Anza na p = 127, kipeo cha namba ambayo Édouard Lucas aliithibitisha mwaka 1876, miongo mingi kabla ya kompyuta: 38.23, hivyo tarakimu 39. Kisha weka 136,279,841. Utapata 41,024,319.95, hivyo tarakimu 41,024,320. Ukipata 41,024,321, umefupisha kizidisho kuwa 0.30103, kirudishe kizima na uzidishe upya.