Dalali na Kiwanja cha Isiolo

Udalali ni kazi ya halali, lakini dalali hawezi kutuuzia haki asiyokuwa nayo muuzaji mwenyewe. Ama katika mji wa Isiolo, wengi wamekaa kwenye viwanja kwa barua ya mgao tu, bila ya hati. Na mwaka 2023 Mahakama ya Upeo ya Kenya iliamua kuwa barua hiyo peke yake haimpi mtu umiliki, mpaka ardhi isajiliwe kwa jina lake. Basi yatupasa, kabla ya kutoa arubuni, tumtake dalali cheti chake cha usajili, tukakague daftari katika afisi ya ardhi, kisha tuandikiane mbele ya mashahidi, kama tulivyofundishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282. Kuuliza si kumvunjia mtu heshima. Anayeona haya kuuliza huenda akaja kutolewa nyumbani pamoja na wanawe.