Kwa Nini Chokoleti ya Krismasi Humdhuru Mbwa: Somo Kuhusu Sumu na Kipimo

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, sikukuu za Krismasi na Mwaka Mpya huangukia majira ya baridi. Siku hizo watu hukaa ndani pamoja na mbwa na paka wao. Meza hujaa chokoleti, magari hutiwa majimaji ya kuzuia maji ya rejeta yasigande, na mafua yakiingia nyumbani, vidonge huachwa ovyo mezani. Kwa sababu hiyo, madaktari wa mifugo wa huko hurudia maonyo yao kila ifikapo Desemba.

Kwa mwanafunzi wa kemia na baiolojia, maonyo hayo yanazua swali. Yawezekanaje kitu ambacho mtoto hukila kwa furaha kikamuua mbwa wa nyumba hiyo hiyo? Jibu ni kwamba sumu haitegemei kitu chenyewe peke yake. Hutegemea pia kiasi kilicholiwa, uzito wa mwili, na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini. Tutazame mifano mitatu.

1. Chokoleti

Chokoleti hutengenezwa kwa mbegu za kakao, zao ambalo hapa Tanzania hulimwa hasa wilayani Kyela. Mbegu hizo zina theobromini, ambayo fomyula yake ni C7H8N4O2. Jina hilo lisimpotoshe msomaji, kwani hamna bromini ndani yake. Limetokana na Theobroma, jina la kisayansi la jenasi ya mkakao. Molekuli yake inafanana sana na ile ya kafeini, nayo huchochea moyo na neva.

Katika damu ya mtu, nusu ya theobromini huondoka kwa muda wa saa 6 hadi 10. Katika damu ya mbwa, nusu hiyo huchukua saa 17 na nusu hivi. Mbwa akila tena kesho yake, sumu mpya huikuta ya jana bado imo.

Kwa kawaida dalili hafifu, kama kutapika, kuharisha na kutotulia, huanza mbwa akipata miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwenye miligramu 40 hadi 50 moyo huenda mbio na kupoteza mwendo wake wa kawaida. Kwenye miligramu 60 degedege huweza kutokea.

Sasa tupige hesabu. Mbwa wa kilo 10 amekula gramu 100 za chokoleti ya maziwa, yenye miligramu 2 hivi za theobromini katika kila gramu:

100 × 2 = miligramu 200; 200 ÷ 10 = miligramu 20 kwa kilo.

Mbwa huyu ataugua kidogo. Lakini kama alikula chokoleti nyeusi ya waokaji, isiyotiwa sukari, yenye miligramu 15 hivi kwa gramu:

100 × 15 = miligramu 1,500; 1,500 ÷ 10 = miligramu 150 kwa kilo.

Kiasi hiki ni zaidi ya mara mbili ya kile cha degedege, na chaweza kuua.

2. Majimaji ya rejeta

Majimaji haya mara nyingi huwa na ethilini glikoli. Ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, mchanganyiko haugandi mpaka baridi ifikie takriban nyuzi 35 za Selsiasi chini ya sifuri. Hatari yake ni kwamba ina ladha tamu. Mililita 6, yaani kijiko cha chai na ziada kidogo, zaweza kumuua paka wa kilo 4.

Hapa kimeng'enya chenyewe ndicho kinachotengeneza sumu kali. Kimeng'enya cha ini kiitwacho alkoholi dihidrojinesi huanza kuibadili glikoli, na baada ya hatua kadhaa hupatikana asidi ya oksaliki. Asidi hiyo huungana na kalisi ya damu na kufanya fuwele zinazoziharibu figo. Mnyama hupepesuka kama mlevi, kisha huenda akaonekana amepona, kumbe figo zinaharibika.

Tiba mojawapo ni ethanoli, inayotolewa na daktari kwa kipimo. Kimeng'enya kile huipendelea ethanoli kuliko glikoli. Kikishughulika nayo, glikoli hutoka katika mkojo kabla ya kubadilishwa. Lakini tiba sharti ianze mapema: saa 3 za kwanza kwa paka, na saa 8 kwa mbwa.

3. Kidonge cha parasetamoli

Ini la mtu hukiunganisha kiasi kikubwa cha dawa hii na asidi ya glukuroniki, ikatoka katika mkojo. Paka hawezi kufanya hivyo vizuri, kwa kuwa jeni ya kimeng'enya kimojawapo cha kazi hiyo imeharibika katika ukoo wake. Dawa hugeuka kuwa kemikali inayoharibu hemoglobini, na damu hushindwa kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua. Onyo hili latuhusu na sisi, maana dawa hii huuzwa kote Afrika Mashariki.

Hitimisho

Mwenye mnyama asiseme, "Nimekula mimi nisidhurike, naye hatadhurika." Chokoleti na vidonge vifungiwe kabatini, na majimaji ya rejeta yaliyomwagika yafutwe mara moja. Ajali ikitokea, dalili zisingojewe. Daktari wa mifugo aelezwe mambo manne: kilicholiwa, kiasi chake, uzito wa mnyama, na saa aliyokila.

Maswali

1. Mbwa wa kilo 25 amekula gramu 100 za chokoleti nyeusi ya waokaji. Je, amefikia kiwango cha degedege?
2. Baada ya saa 35, ni sehemu gani ya theobromini itakuwa imebaki katika damu ya mbwa? Na katika damu ya mtu ambaye nusu huondoka kwa saa 7?
3. Kwa nini ethanoli haisaidii ikiwa glikoli imekwisha kubadilika kuwa asidi ya oksaliki?