Maji Yanayonasa Joto la Jua

Tujaze maji debe jeusi na debe jeupe, tuyaweke juani. Maji ya debe jeusi yatapata moto upesi, maana rangi nyeusi hunasa joto. Mtambo wa kupasha maji kwa jua hufanya hivyo hivyo: mabomba meusi, na juu yake kioo kuzuia joto lisitoke.

Sasa wataalamu hujaribu kutia unga laini mno, kama wa kaboni, katika maji yanayozunguka mabombani. Maji hayo si ya kunywa. Gawa milimita 1 mafungu milioni 1: fungu moja ni nanomita. Chembe za unga huo hazizidi nanomita 100. Joto hunaswa zaidi, lakini unga ni ghali, tena mara nyingi hutuama.

Je, tutie masizi ya chungu? Hasha! Yataziba mabomba. Tupake rangi nyeusi nje, tutaokoa kuni.

Swali: Kioo kina kazi gani?